KURASA ZA NYUMBANI: KUIZURU MVITA NA PWANI YAKE

Baba mmoja wa bara ametuletea barua. Asema shule ya wanawe inakusanya fedha ili darasa zima lipelekwe Mombasa kuona mambo ya kale, naye hataki kutoa. Ana sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mavuno hayakuwa mazuri, na kuta zilizobomoka haziwezi kumshibisha mtoto. Ya pili ndiyo iliyotufanya tuchukue kalamu: amesikia ya kuwa katika ngome ile iliyopewa jina la Bwana wetu waliuawa Wakristo, tena kwa amri ya mfalme aliyekuwa amekwisha kubatizwa. Aogopa watoto wakisikia hayo wataingiwa na shaka. Auliza, je, habari kama hizo ni za kufundishwa watoto?

Tutajibu, lakini si kwa haraka, maana mji ule hauelezwi kwa neno moja. Tumekwenda huko mara nyingi pamoja na walimu wenzetu na watoto, na kila mara tumerudi na jambo la kufikiri.

Kwanza habari ya njia. Watu wengi wa bara siku hizi huingia kwa gari la moshi la reli mpya, lililoanza kuchukua abiria mwaka 2017, nao hudhani kwamba wakishuka wamekwisha fika mjini. Sivyo. Stesheni iko Miritini, nje ya kisiwa, na yafaa mwalimu aweke akiba ya nauli ya kutoka hapo, asije akasimama juani na watoto arobaini hali mfuko ni mtupu. Reli ya zamani, iliyoanza kujengwa mwaka 1896 ikafika ziwani mwaka 1901, iliingia mpaka kisiwani penyewe.

Mombasa ni kisiwa, na jina lake la kale ni Mvita. Bahari imekikumbatia kwa mikono miwili. Upande wa mashariki ni bandari ya kale, ya majahazi. Upande wa magharibi ni Kilindini, ambako maji ni ya kina kirefu kama jina lenyewe lisemavyo, na huko ndiko meli kubwa hufunga gatini. Mtoto akilielewa hili, ameelewa nusu ya historia ya mji. Pepo za kaskazi, zianzazo kuvuma yapata mwezi wa Desemba, zilileta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi ikianza, baada ya Pasaka, ikavirudisha. Kati ya pepo hizo mbili mabaharia walikaa, wakauza nguo na vyombo vya udongo, wakanunua pembe na nafaka na, yatupasa kulitamka, watu. Msafiri Ibn Battuta alipita mwaka 1331, akaandika habari za ndizi na malimau, na samaki waliokuwa chakula cha watu, na misikiti ya mbao iliyojengwa vizuri, na jinsi watu walivyonawa miguu kabla ya kuingia. Kwa hiyo mtu yeyote awaambiaye watoto kwamba pwani ilianza kuwa na mambo siku walipofika Wazungu, asisikilizwe.

Wareno walifika Aprili 1498, Vasco da Gama na merikebu zake. Mombasa haikuwakaribisha, wakaenda Malindi, wakapata urafiki. Mwaka 1505 wakarudi na jeshi, wakauchoma mji. Mwaka 1528 wakauchoma tena. Hata mwaka 1593 wakaanza kujenga ngome wasipate kuondolewa tena, wakaipa jina la Yesu.

Twashauri ngome hiyo ionwe kwanza, asubuhi, kabla mawe hayajashika moto. Mchoro wake ulifanywa na Mwitalia, Giovanni Battista Cairati, aliyekuwa fundi mkuu wa ngome za Wareno upande wa Bara Hindi. Ukitazama ramani yake waona kama mtu aliyelala chali: kichwa, mikono, miguu. Watoto hulipenda jambo hili kuliko tarehe zote. Kuta zimesimama juu ya mwamba wa matumbawe, na sehemu nyingine ni mwamba wenyewe uliochongwa, hata huwezi kujua kazi ya Mungu imekoma wapi na ya fundi imeanza wapi. Mwaka 2011 ngome iliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia.

Sasa tumefika penye swali la ndugu yetu.

Hapo mwanzo wa miaka ya 1600 mfalme wa Mombasa alikuwa Hasan bin Ahmad, aliyehamishwa kutoka Malindi na Wareno wenyewe, kwa kuwa jamaa yake walikuwa rafiki zao tangu siku za Vasco da Gama. Lakini makapteni wa ngome walimdhulumu, ugomvi ukazidi, naye akakimbilia bara. Mwaka 1614 Wareno wakawapa watu wa bara rushwa wakamwua. Kichwa chake kikapelekwa Goa, mji mkuu wa Wareno huko Bara Hindi. Mwanawe, Yusuf, alikuwa mtoto mdogo tu. Naye wakampeleka Goa, katika mji uleule kilikopelekwa kichwa cha baba yake, akalelewa na watawa wa Mtakatifu Augustino, akabatizwa, akaitwa Dom Jerónimo Chingulia, akaoa huko. Mwaka 1626 wakamrudisha Mombasa, awe mfalme Mkristo wa kwanza wa mji ule.

Hakuwa na raha. Watu wake hawakumwamini kwa kuwa ni Mkristo, na kapteni hakumheshimu kwa kuwa si Mreno. Akaonekana akisali kwenye kaburi la baba yake kwa desturi ya Kiislamu. Habari zikafika kwa kapteni, naye akakusudia kumkamata ampeleke Goa kuhukumiwa. Yusuf akatangulia. Tarehe 16 Agosti 1631 akaingia ngomeni pamoja na watu wake kama mtu aendaye kuzuru, akamchoma kisu kapteni, Pedro Leitão de Gamboa, na mji ukashikwa. Wakristo waliokimbilia nyumba ya watawa walitolewa siku zilizofuata. Ushahidi uliokusanywa Goa baadaye wasema walipewa nafasi ya kuiacha imani yao, nao wakakataa, wakauawa, waume kwa wake, Wareno na Waafrika pia. Wengine waliuzwa utumwani.

Mwaka uliofuata jeshi kutoka Goa lilikuja kuuzingira mji, likashindwa likaondoka. Hata hivyo Yusuf hakukaa. Aliiharibu ngome, akaondoka na chombo, akawa mharamia baharini mpaka alipokufa mwaka 1638 katika Bahari ya Shamu. Wareno wakarudi, na mwaka 1635 kapteni wao akaandikisha jiwe juu ya lango, likisifu jinsi alivyoitengeneza upya ngome na kuwaadhibu watu wa pwani. Jiwe lipo hata leo. Mwalimu alisome pamoja na watoto, kisha awaulize ni habari gani ambayo jiwe halikuiandika.

Je, wafundishwe? Sisi twasema wafundishwe, na wafundishwe yote. Hatari haimo katika kuisikia habari hii. Imo katika kuisikia nusu. Tumewahi kusikia mwalimu akiisimulia kuanzia mwaka 1631, hata watoto wakamwona Yusuf kama nyoka aliyewauma waliomlea. Tumesikia na mwingine akiikomesha kwenye kifo cha kapteni, hata ikawa ni ushujaa mtupu, kana kwamba wale wanawake na watoto wa nyumba ya watawa hawakuwako. Wanyonge wale waliouawa, wengi wao watu weusi wasiokuwa na cheo, hawakuwa na neno lolote katika mauti ya Hasan. Nao waliompa Yusuf ubatizo kwa mkono mmoja walikuwa wa taifa lile lile lililomwua baba yake kwa mkono wa pili. Mambo haya yote mawili ni kweli, na mtoto wa miaka kumi na miwili aweza kuyabeba, akipewa pamoja.

Safari moja tulipokuwa penye lango hilo, binti mmoja wa darasa la sita alimsikiliza mwalimu mpaka mwisho, kisha akauliza: "Na kile kichwa cha baba yake, alipokuwa Goa alikiona?" Mwalimu hakuwa na jibu, wala sisi hatukuwa nalo. Lakini tuliona kwamba binti yule ameelewa habari kuliko vitabu vingi. Imani yake haikutikisika, maana ndiye aliyewaongoza wenzake kuimba njiani wakati wa kurudi.

Katika ngome kuna mengine pia. Waarabu wa Omani waliizingira tangu Machi 1696 mpaka Desemba 1698, karibu miaka mitatu. Waliokuwa ndani hawakuuawa na risasi sana kama walivyouawa na maradhi na njaa, na wengi wa walioilinda mwishoni walikuwa Waafrika na Waswahili waliokuwa upande wa Wareno. Jambo hili halisemwi mara nyingi. Merikebu moja ya kuwaokoa, Santo António de Tanná, ilizama mbele ya ngome mwaka 1697. Wapiga mbizi waliichunguza tangu mwaka 1977, na vitu vyake vimewekwa ngomeni katika makumbusho. Baadaye walikaa humo Wamazrui, kisha watu wa Sultani wa Unguja, kisha serikali ya Kiingereza ikaifanya gereza tangu mwaka 1895 hata mwaka 1958.

Kutoka ngomeni mtu huingia Mji wa Kale kwa miguu. Hapa twawasihi walimu kitu kimoja: watoto wafundishwe adabu kabla ya kuingia, si baada ya kukosa. Ni mji wa watu, si maonyesho. Wavae nguo za heshima, wasichungulie milango iliyo wazi, na picha ipigwe kwa ruhusa. Wakimkuta mzee barazani wamwamkie shikamoo. Asubuhi mtu mzima aweza kusema sabalkheri. Wengi wa wenyeji ni Waislamu, na sisi hatujawahi kutembea huko na kundi la watoto Wakristo tukakosa mtu wa kutuonyesha njia, na mara nyingi kutupa maji pia. Milango ya kuchongwa itazameni vizuri, na roshani za mbao zilizo juu. Njaa ikiuma, mahamri na mbaazi hayana mpinzani, na viazi vya karai vitawanyamazisha hata wale wasionyamaza. Wakubwa wanywe kahawa chungu kwa kashata.

Ukivuka daraja la Nyali kwenda kaskazini wafika Kengeleni. Magari hupiga kelele hapo, na abiria hulitamka jina hilo kila siku bila kuuliza ni kengele gani. Ni hii: mwaka 1873 Sir Bartle Frere alitumwa na Waingereza kwa Sultani Barghash, na mwaka ule soko la watumwa la Unguja likafungwa. Lakini manowari zilizidi kukamata majahazi yenye watumwa, na watu wale waliokombolewa hawakuwa na kwao pa kurudi. Wengi walikuwa watoto, Wayao, Wamakua, Wanyasa, waliosahau hata njia waliyoletwa. Basi misheni ya CMS ikanunua shamba mbele ya kisiwa, na tangu mwaka 1875 wakawekwa hapo, mji ukaitwa Freretown. Kengele iliwekwa ili ipigwe watu wakionekana wanakuja kuwanyang'anya tena. Mnara wake ungalipo kando ya barabara.

Hatutaki kuupaka mji ule rangi nzuri kupita kiasi. Palikuwa na shule, nyumba na kanisa. Palikuwa na viboko na kifungo pia, hata malalamiko yakafika London. Mtu aliyetolewa utumwani apigwe viboko na waliomtoa, hilo ni jambo la kuona haya, nasi hatuna haja ya kulificha. Lakini ndipo walipotoka walimu wetu wa kwanza. Kabla ya hapo wengine waliokombolewa walikuwa wamepelekwa Bara Hindi, wakasoma huko Nasik karibu na Bombay, wakarudishwa pwani kusaidia kazi. Mmoja wa Wabombay hao, kama walivyoitwa, ni Matthew Wellington, aliyekuwa miongoni mwa watu walioileta maiti ya Livingstone pwani. Alikufa Mombasa mwaka 1935. Wa pili ni William Jones. Huyu tutarudi kwake.

Si mbali na Kengeleni, upande wa Mkomani, kuna kaburi la Rosina Krapf. Alifika Mombasa na mumewe Johann Ludwig Krapf mwaka 1844, na mwezi wa Julai mwaka huohuo akafa kwa homa, yeye na mtoto wake mchanga. Mumewe naye alikuwa mgonjwa kitandani. Akabaki, akaendelea kujifunza Kiswahili na kuandika maneno kwenye karatasi, na kamusi iliyotoka humo ilipigwa chapa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya yeye mwenyewe kufa.

Wenye siku ya pili waende Rabai. Ni mwendo wa saa moja hivi, kwa njia ya Mazeras, barabara ikiwa haina msongamano. Hapo Krapf na mwenzake Rebmann walianza kituo chao mwaka 1846, kwa ruhusa ya wazee wa Warabai. Kutoka hapo Rebmann alikwenda akaona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848, na wataalamu wa Ulaya wakamcheka. Alikaa pwani hata mwaka 1875, macho yakapofuka, na aliyemwongoza kurudi Ulaya ni kijana Isaac Nyondo. Mtu wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, kiwete, naye alikuwa karibu kufa. Walimu wapendao kuhesabu mavuno yao kila mwisho wa mwezi watasaidiwa na habari hiyo. Misitu ya kaya, ambako wazee wa Mijikenda wametunza mambo yao, iko karibu. Tangu mwaka 2008 nayo imo katika orodha ya urithi wa dunia, na mtu haingii bila ruhusa ya wazee.

Ndipo twarudi kwa Jones. Aliuzwa utotoni, akasomea Bara Hindi, akawa mwalimu Rabai, na mwaka 1885 Askofu Hannington akampa ushemasi pamoja na Ishmael Semler, Waafrika wa kwanza kupewa daraja hiyo katika Kanisa la Kiingereza upande huu wa pwani. Mwaka uleule akaondoka na askofu kwenda Buganda. Askofu aliuawa Busoga mwezi wa Oktoba, na wapagazi karibu wote waliokuwa naye. Jones alikuwa ameachwa nyuma na kundi kubwa. Akangoja, akapata habari, akawarudisha watu wale kwa miguu mpaka pwani. Mwezi wa Februari 1886 wakaingia Rabai wakiwa na bendera ya buluu, na juu yake neno moja kwa herufi nyeupe: Ikabodi, maana yake utukufu umeondoka. Wake za wapagazi walikuwa wamesimama njiani wakitazama nani yumo na nani hayumo.

Huyo Jones ndiye aliyekuwa Rabai mwaka 1888 wenye watumwa walipodai watu wao. Watoro zaidi ya elfu moja walikuwa wamejificha penye vituo vya misheni, na wengi zaidi Rabai. Ikawa karibu kumwagika damu. Mwisho Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza alilipa fidia, na Januari 1889 watoro wakapewa hati za uhuru, mmoja mmoja.

Kwa upande wa pwani yenyewe, kama nauli yatosha, nendeni Jumba la Mtwana, karibu na Mtwapa. Ni mji wa karne ya 14, uliohamwa karibu miaka mia baadaye, na hakuna maandishi ya kale yanayoueleza. Msikiti wake uko ufukweni, na penye birika mtu aweza kuona mahali pa kunawia miguu, kama vile Ibn Battuta alivyosimulia. Msikae hapo bila maji ya kunywa. Likoni twendako kusini, watembea kwa miguu huvuka bure kwa feri. Lakini washikeni watoto mikono na msikubali kupanda chombo kilichojaa. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka, wakafa watu 272.

Tuna haja moja kwa nyumba zenu. Wako kati ya wasomaji wetu ambao babu zao walitoka Freretown au Rabai, na hutambulikana kwa majina yao, Kiingereza kitupu. Mara nyingi jina la kwanza, lile alilolia nalo mtoto chomboni, lilihifadhiwa na bibi mmoja tu nyumbani. Kama bibi huyo yu hai, kaeni naye jioni moja mkaandike: jina, kabila, mto au mlima alioutaja, na nani alimwambia. Andikeni kwa wino, katika daftari, si katika karatasi ya kufungia sukari, na nakala ya pili mwachieni mwalimu wa shule.